Dondoo muhimu: Msimbo wa zamani na Yunikodi

Python 2 iliacha kuhudumiwa rasmi Januari 1, 2020. Kama msimbo wako bado uko huko, kwanza tenganisha maandishi na baiti. Data ikiingia kutoka kwenye faili au mtandao, igeuze papo hapo kuwa Yunikodi. Irudishe kuwa baiti pale tu inapotoka. Maandishi yafungue kwa io.open, ukitaja utf-8 waziwazi. Picha zifungue kwa "rb".

Kisha lijaribu neno ng’ombe, lenye ritifaa iliyopinda: alama 7, lakini baiti 9 katika utf-8. Programu ikikuhesabia 9, bado inashika baiti. Tafadhali usijaribu kwa "mama" peke yake: alama 4, baiti 4, na kosa linabaki limejificha.