Moto wa Pilipili

Mtu alaye pilipili husema kwamba kinywa chake chawaka moto. Lakini pilipili ikishikwa mkononi haina joto lolote. Je, moto huo watoka wapi?

Katika ncha za mishipa ya fahamu iliyomo ulimini mna vilango vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Navyo vimefanyizwa kwa protini. Joto lifikapo kadiri ya digrii 43 za Selsiasi, kilango hufunguka, chembe zenye umeme huingia, na habari hukimbia mpaka ubongoni: “Moto!” Basi, ndani ya pilipili mna kitu kiitwacho kapsaisini, nacho hufungua kilango kile kile. Wabisha hodi ni wawili, mlango ni mmoja. Kwa hiyo ubongo hupata habari moja. Ndege hula pilipili bila kuumia, maana kilango chao hakiitikii kapsaisini.

Mwaka 1997 David Julius na wenzake, huko California katika Marekani, walikitambua kilango hicho. Mwaka 2010 Ardem Patapoutian na wenzake, huko huko California, walivumbua protini nyingine, zifungukazo seli ibonyezwapo. Mabwana hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021.

Basi maumivu yasidharauliwe. Kama maumivu yasingalikuwapo, mtu angalikunywa uji uchemkao na kuunguza ulimi wake asijue. Maumivu ni mlinzi wa mwili. Pilipili humdanganya, lakini halali usingizi.