Matembezi ya Mzunguko kama Somo la Jiografia

Mwalimu mwanafunzi anayepangiwa shule ya kijijini wakati wa mazoezi ya kufundisha hulalamika mara nyingi kwamba hana zana. Katika vijiji vya Shinyanga zana imezunguka shule. Tunapendekeza hapa somo la asubuhi moja kwa Darasa la Tano: matembezi yanayoanzia shuleni, yakateremka mashambani, yakapita katika ngitili, yakafika mtoni na kurudi kwa njia nyingine. Wakati ufaao ni mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, mvua zikiwa zimekoma na pamba imefunguka.

Njia ya kurudi iwe tofauti na ya kwenda kwa sababu maalumu. Akiteremka, mwanafunzi huona. Akipanda upande wa pili, huulizwa kama mpangilio aliouona unajirudia. Karibu na mawe ya kilimani atakuta mchanga wa luseni, katikati itogolo, na bondeni udongo mweusi wa mbuga. Mtaalamu Geoffrey Milne aliupa mfuatano wa namna hii jina la katena mwaka 1935, lakini wakulima wa Kisukuma walikuwa na majina yao. Mwalimu aanze na hayo. Kila kundi lilowanishe konzi ya udongo na kujaribu kuufinyanga: luseni itamomonyoka, mbuga itanata vidoleni. Hapo ndipo pa kuuliza kwa nini pamba iko juu na majaruba ya mpunga yako chini.

Ngitili ipewe muda mrefu kuliko sehemu nyingine. Mwalimu aulize: "Nani aliipanda miti hii?" Wengine watasema serikali, wengine Mungu. Asiwajibu upesi, bali awatume watafute kisiki cha zamani kilichochipua vijiti vitatu au vinne. Kuanzia miaka ya 1920 vichaka vya Shinyanga vilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba na mifugo vikaongezeka, hata sehemu kubwa ya nchi ikabaki wazi. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986, na ulifaulu hasa ulipoifuata desturi ya wenyeji ya kutenga malisho ya kiangazi. Ulipokwisha mwaka 2004 ilikadiriwa kwamba zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto. Sehemu kubwa ya miti hiyo haikupandwa, iliachwa ikue.

Ruhusa ya mwenye ngitili iombwe mapema, kwani majani yale ni akiba ya ng'ombe na miguu ya watoto arobaini si haba. Afadhali mzee mwenyewe aombwe kueleza. Akisema Kisukuma, mwanafunzi mmoja atafsiri, na mwalimu mgeni asione haya kusikiliza pamoja na darasa lake.

Mtoni watazame kingo zilizomomonyoka na mchanga uliorundikana, bila kuingia majini, kwa ajili ya kichocho.

Kwa walimu watakaokwenda Geita tuna neno zito zaidi. Palipochimbwa dhahabu kwa mikono huachwa mashimo, na katika majira haya majani marefu huyafunika. Tope na maji ya mahali inaposafishiwa dhahabu huweza kuwa na zebaki. Mwalimu atembee njia yote siku iliyotangulia, pamoja na mwenyeji. Akikuta shimo moja tu karibu na njia, aibadili njia, hata kama andalio la somo limekwisha kupitishwa. Tumesoma maandalio yenye madhumuni mazuri ambayo hayakutaja jambo hili hata kwa mstari mmoja.

Darasani, kila kundi lichore ramani ya mzunguko kwa hatua walizohesabu njiani. Michoro mingi haitafunga: mwisho wa njia hautakutana na mlango wa shule. Mwalimu asiirekebishe kwa kalamu nyekundu. Awaulize hesabu ilipotea wapi, na aghalabu watataja ngitili, walipokuwa wakitafuta visiki.