Mtoto asiyesikia vizuri si mchawi

Katika kazi yetu mjini Lubumbashi tumejifunza kwamba amani huanzia darasani.

Tangu 2019 shule za msingi za serikali ni za bure, na madarasa yamejaa. Mtoto asiyesikia vizuri husahaulika kwenye benchi la nyuma. Akishindwa kujibu, huitwa mjinga. Nyumbani pengine huitwa mchawi na kufukuzwa. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009 inaadhibu shutuma hiyo.

Walimu, tunawashauri:

- Mketisheni mbele, semeni mkimtazama usoni.
- Mpeni mwenzake wa kumwonyesha kazi.
- Waiteni wazazi mapema, wampeleke apimwe masikio.

Jadilianeni: Darasani kwenu nani hukaa nyuma, na kwa nini?