Mchezo wa Pool: Yanayofunzwa na Meza Nyingine

Meza ya pool haikosekani katika vituo vingi vya biashara, mjini na mashinani. Wengi hujifunza haraka. Baada ya miezi michache kijana anavunja kwa kishindo na kutumbukiza kila mpira ulio wazi. Kisha anakwama. Anashindwa na wapinzani wale wale kwa makosa yale yale, na pesa za kuchezea zinazidi kumtoka. Mara nyingi kuongeza mechi za aina hiyo hiyo hakumsaidii. Kinachomsaidia ni kujaribu mchezo mwingine wa fimbo, kisha kurudi kwenye ule aliouzoea.

Chanzo cha kukwama huko ni meza yenyewe. Nyingi za mtaani zina urefu wa futi 7 hivi, na mdomo wa shimo husamehe: mpira uliopigwa kombo kidogo hugonga ukingo na bado ukaingia. Mchezaji anashangiliwa, kosa lake linabaki pale pale. Meza kamili ya snuka ina urefu wa futi 12 na upana wa futi 6. Mipira yake ni ya milimita 52.5, midogo kuliko ile ya pool ya Kimarekani yenye milimita 57.15, na midomo ya mashimo imeviringwa, kwa hivyo mpira ukigusa kona ya shimo hutemwa nje. Hapo mchezaji hana budi kuinama hadi kidevu kikaribie fimbo, kutuliza kichwa na kuupeleka mkono wa nyuma kwa mstari mmoja. Akirudi kwenye meza ndogo, shimo huonekana pana kama ndoo.

Mifano ipo. Allison Fisher wa Uingereza alikuwa bingwa wa dunia wa snuka kwa wanawake mara 7. Mwaka 1995 alihamia Marekani kucheza pool, na mwaka uliofuata akatwaa ubingwa wa dunia wa mipira 9. Steve Davis, bingwa wa dunia wa snuka mara 6, ndiye aliyeshinda mchezo wa mwisho ulioipa Ulaya Kombe la Mosconi dhidi ya Marekani mwaka 2002.

Hata hivyo, meza za snuka ni chache, na nyingi ziko katika vilabu vya mijini. Mkazi asiye na meza hiyo karibu anaweza kubadilisha mchezo bila kubadilisha meza.

Wa kwanza, na pengine wenye faida kubwa zaidi, unatokana na biliadi ya mipira 3, inayochezwa kwenye meza isiyo na mashimo kabisa. Weka mpira mweupe na mingine 2 mezani. Pointi hupatikana mweupe ukigonga yote 2 kwa pigo moja; ukitumbukia shimoni, zamu inapita. Mchezo huu unamlazimisha mtu kutazama kile ambacho wachezaji wengi wa mtaani hawakitazami, yaani mweupe unaenda wapi baada ya kugonga. Kuna kanuni moja ya kuanzia. Mweupe ukigonga mwenzake kwa upande huku ukiteleza bila kuviringika, mipira hiyo 2 huachana kwa pembe ya karibu nyuzi 90. Ukiwa unaviringika mbele, njia yake hupinda kuelekea kule ulikokuwa ukienda. Aliyelielewa hilo kwa macho yake hatumbukizi tena mweupe kwa bahati mbaya kila mara, na huanza kuutayarishia pigo linalofuata.

Wa pili ni wa shimo moja. Kila mchezaji huchagua shimo lake kati ya mashimo 2 ya kona, upande ule mipira inakopangwa. Wa kwanza kutumbukiza mipira 8 kati ya 15 katika shimo lake ndiye mshindi. Ni mchezo wa polepole na huwachosha watazamaji, lakini hakuna unaofunza kujihami kuliko huu: kuficha mweupe, kumnyima mpinzani nafasi, kusubiri. Ule wa mipira 9, ambapo mpira wenye namba ndogo zaidi hugongwa kwanza, hufunza kupanga mapigo kwa mfuatano.

Si kila tabia ya snuka inafaa kuhamishwa. Ncha ya fimbo ya snuka ni nyembamba, kama milimita 9 au 10, ilhali ya pool hufika 13. Kuvunja kwa nguvu zote kwa fimbo ya snuka ni kuiharibu.

Mazoezi haya hayafai kufanywa kwa dau, kwa kuwa anayeogopa kupoteza mia mbili hajaribu pigo jipya. Saa za asubuhi, meza inapokuwa haina foleni, ndizo nzuri, na mwenye meza aulizwe bei ya saa badala ya bei ya mchezo mmoja mmoja. Wazazi nao wakumbuke kwamba Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kuingia mahali panapouzwa pombe, hata kama amefuata meza tu. Kijana huyo atafutiwe meza iliyo kwenye ukumbi au duka lisilouza vileo.