Mwalimu Anapoitwa Majuu: Somo Kutoka Kitabu cha Tobiti

 

Wapendwa vijana, leo tunafungua kitabu ambacho wengi wetu hukisikia kwenye Misa ya ndoa tu, halafu basi. Ni Kitabu cha Tobiti. Kina sura 14 pekee, unaweza kukimaliza jioni moja. Kabla hakijawa hadithi ya ndoa, ni hadithi ya kijana anayetumwa nchi ya mbali kufuata pesa. Ndiyo, pesa. Mzee Tobiti amepofuka, nyumba imeishiwa, na mama Anna anafuma nguo za watu ili wapate kula. Mzee anakumbuka kwamba zamani aliweka talanta 10 za fedha kwa mtu aitwaye Gabaeli, kule Rage katika nchi ya Wamedi. Anamwita mwanawe Tobia na kumtuma akazilete.

Nimerudi kwenye kitabu hiki kwa sababu ya swali. Aliyeniuliza ni mwalimu wangu wa hesabu wa shule ya upili. Amefundisha miaka 14 na vijana wengi wa kijijini kwetu wamepita mikononi mwake. Mwezi uliopita alinisubiri nje ya kanisa baada ya Misa ya pili akaniambia, "Frateri, shule moja ya Marekani imenikubali. Mume wangu anasema niende. Mama mkwe analia. Wewe umesoma falsafa, hebu niambie: nikienda, nitakuwa nimeuacha wito wangu?"

Nilimwambia, "Mwalimu, nipe muda." Si rahisi kumshauri mtu aliyekufundisha kutafuta thamani ya x! Yafuatayo ndiyo niliyompelekea. Nayaandika hapa kwa sababu wengi wenu mnasomea ualimu, au mzazi wako ni mwalimu, na neno "majuu" halikosekani mezani siku hizi.

1. Kufuata riziki mbali si dhambi

Tuanze hapa, maana wapo wanaomwambia mwalimu, "Unakimbilia dola, unawaacha watoto wa maskini." Maandiko hayamlaumu Tobia kwa kwenda. Mzee Tobiti mwenyewe, mtu mwenye haki aliyezika maiti za wenzake kwa kuhatarisha maisha yake, ndiye anayemtuma.

Kanisa nalo limesema wazi. Papa Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, alifundisha kwamba mtu mwenye sababu za haki anayo haki ya kuhamia nchi nyingine. Lakini kuna upande wa pili. Mwaka 2023, katika ujumbe wake wa Siku ya Wahamiaji na Wakimbizi Duniani, Papa Fransisko alikazia uhuru wa kuchagua: kuhama au kubaki. Yaani mtu asifukuzwe kwao na njaa, wala asisukumwe na ndugu wanaotaka kutumiwa pesa kila mwezi.

Kwa hiyo nilimuuliza Mwalimu kwanza: ni nani hasa anayetaka uende? Kama jibu ni "kila mtu isipokuwa mimi", hapo hakuna uhuru bado.

2. Kabla ya pesa, Tobiti alimfundisha mwanawe

Soma sura ya 4. Mzee anataka kuzungumzia talanta 10, lakini angalia anavyoanza. Anamwambia kijana amheshimu mama yake, atoe sadaka, amlipe mfanyakazi ujira wake bila kumchelewesha, asimtendee mwingine lile asilopenda kutendewa. Ni orodha ndefu. Pesa zinatajwa mwishoni.

Tukilileta hili kwa mwalimu wa leo: kabla hujajaza fomu yoyote, kuna haki za watu unazopaswa kuzitimiza nyumbani. Mwalimu wangu ana mkopo wa Sacco. Wadhamini wake ni walimu wanne wa shule ile ile. Mkopo unakatwa kwenye mshahara. Mshahara ukikoma, makato yanakoma, na Sacco itawageukia wale wanne. Je, wao wanajua kwamba anaondoka? Wamekubaliana atakavyolipa akiwa kule? Hilo ni suala la haki, na haki haingoji mshahara wa kwanza wa dola.

Kuna pia mwajiri. Hapa Kenya mwalimu aliyeajiriwa na TSC hawezi tu kufunga begi na kupotea. Kutoroka kazini ni kosa la nidhamu, na jina lako huharibika katika rekodi zile zile utakazozihitaji ukirudi. Omba likizo bila malipo au jiuzulu kwa notisi. Na Kidato cha Nne wako? Waage. Mwachie mwalimu anayechukua darasa maelezo ya mahali mlipofika katika silabasi. Kijana aliyezoea kuachwa na watu wazima bila neno lolote anajifunza jambo baya kuliko kufeli hesabu.

3. Chunguza anayesema anaijua njia

Hapa ndipo kitabu hiki kinanishangaza kila mara. Tobia anakutana na kijana anayesema, "Naijua njia ya kwenda huko." Sisi wasomaji tunajua ni Malaika Rafaeli, lakini Tobiti hajui. Anafanya nini? Hamkubali kwa sababu ana sura nzuri. Anamhoji: wewe ni wa ukoo gani, baba yako ni nani? Kisha wanakubaliana ujira, drakma moja kwa siku pamoja na matumizi. Tena Tobia anasafiri na hati ya maandishi inayothibitisha ile amana iliyowekwa kwa Gabaeli.

Jamani, kama hata malaika alihojiwa, wakala wa ajira ni nani asihojiwe?

Njia anayotaka kuipitia Mwalimu ni viza ya J-1 ya walimu, na kanuni zake zinajulikana. Anayeomba awe na shahada inayolingana na ile ya kwanza ya Marekani, katika ualimu au katika somo lake. Awe na uzoefu wa kufundisha usiopungua miaka miwili. Atimize masharti ya jimbo la Marekani atakakofundisha, na Kiingereza chake kiwe cha kutosha darasani. Lazima kuwe na shirika mdhamini lililoidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, na shirika hilo ndilo linalotoa fomu iitwayo DS-2019. Bila fomu hiyo huwezi kuomba viza ya J-1, hata mtu akuapie kwa jina la bibi yake.

Kwa hiyo uliza kwa maandishi: shule ni ipi na iko mji gani? Nitafundisha somo gani na darasa gani? Mshahara ni kiasi gani kabla ya kodi, na kodi ya nyumba huko ni kiasi gani? Ada zote ni zipi, na zipi zitarudishwa nikikosa viza? Kama kuna wakala wa hapa nchini, hakikisha amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Kanuni za viza hubadilika, basi thibitisha kwa ubalozi kabla hujatuma hata shilingi moja. Kumbuka Tobiti hakuwa na imani ndogo kwa sababu aliuliza. Ni huyo huyo aliyembariki mwanawe na kumwombea malaika mwema njiani.

4. Kuna mtu anahesabu siku

Kijana anapoondoka, Anna analia. Anamlaumu mumewe: kwa nini umemtuma mtoto wetu? Kwake yeye, pesa zisiongezwe juu ya pesa. Walichopewa na Bwana kinatosha kuishi. Kisha katika sura ya 10 tunamwona kila siku akiitazama ile njia aliyopita mwanawe, na usiku hapati usingizi.

Na Tobia anajua. Huko ugenini ameoa, ukweni wanamfanyia sherehe ya siku 14. Baba mkwe Ragueli anampa nusu ya mali yake na anamsihi aendelee kukaa. Lakini Tobia anasema baba yake anahesabu siku, na akichelewa hata siku moja atamhuzunisha mno. Ndiyo maana anamtuma Rafaeli amalizie habari ya zile fedha, na sherehe ikiisha anaomba ruhusa arudi nyumbani.

Viza ya J-1 nayo ina hesabu yake. Ni ya miaka isiyozidi mitatu, inayoweza kuongezwa mwaka mmoja au miwili. Baada ya hapo, anayetaka kurudi tena kwa mpango huo huo lazima kwanza aishi nje ya Marekani miaka miwili. Mume au mke, na watoto wasio na ndoa walio chini ya miaka 21, wanaweza kuombewa viza ya kufuatana naye.

Mtoto mdogo wa Mwalimu ana miaka 9. Miaka mitano ikipita atakuwa na 14. Nilimwomba Mwalimu afanye hesabu hiyo kwa kalamu, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kwamba jibu bila kazi ya kuonyesha halipewi alama zote. Je, familia inakwenda pamoja au inabaki? Kama inabaki, mtarudiana lini, na tarehe hiyo mmeikubali wote wawili mkiwa mezani, si kwa simu? Ndoa ni sakramenti. Haiwezi kuwekwa akiba miaka mitano ikangoja kama pesa za chama.

5. Je, wito unabaki nyumbani?

Sasa swali lenyewe. Jibu langu ni hapana: wito wa ualimu hauishii kwenye lango la shule moja. Mtoto wa Marekani anayeogopa hesabu naye ni mtoto wa Mungu. Atakaa darasani na mwalimu mwanamke Mwafrika anayemwambia, "Jaribu tena", na huo pia ni utume.

Lakini wito unaweza kupotea popote, hata hapa nyumbani, pale mwalimu anapoanza kuwaona wanafunzi kama njia ya kufikia karatasi ya mshahara. Kinachopimwa ni wale walio mbele yako na deni ulilo nalo kwa wale uliowaacha. Na kanuni zenyewe za mpango huu zinasaidia hapo: mwalimu wa J-1 anatakiwa kuwaeleza wanafunzi wake kuhusu nchi yake, na kuwaunganisha kwa mazungumzo na wanafunzi wa nchi nyingine, ikiwezekana wa shule aliyotoka. Fikiria wanafunzi wa kijijini kwetu wakizungumza na wenzao wa ng'ambo kwa sababu Mwalimu hakuwasahau.

Tena angalia kilichomponya Tobiti. Si talanta 10. Ni nyongo ya samaki ambayo Tobia aliipata njiani na kuitunza hadi nyumbani, akampaka baba yake machoni. Mwalimu anaweza kurudi na njia mpya ya kufundisha sehemu au aljebra, na hiyo ikafungua macho ya wengi kuliko nyumba ya mawe atakayojenga. Sharti airudishe.

6. Hatua tatu za busara

Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba busara ina matendo matatu: kutafuta ushauri, kuamua, na kuagiza, yaani kujituma kulitenda lile uliloamua. Hilo la tatu ndilo kuu. Wengine wetu hukwama la kwanza, tunauliza watu 20 mpaka nafasi inapita. Wengine huruka hadi la tatu, tiketi imekatwa na mke anaambiwa jioni. Fuata yote, kwa mpangilio wake, na kwa sala.

Hadi ninapoandika, Mwalimu hajajibu ile shule. Ana hadi mwisho wa mwezi. Alinitumia ujumbe kwamba ameshaketi na wadhamini wake wanne. Mmoja alikasirika sana kwanza, kisha wakaelewana. Mazungumzo na mume wake bado yanaendelea. Tumweke katika sala zetu.

Maswali ya kutafakari (binafsi au katika kikundi cha vijana)

1. Soma Tobiti sura ya 4 na ya 5. Kama ungesafiri kesho kwenda kufanya kazi nje, ni nani unayemdai au anayekudai haki kabla hujaondoka?
2. Nyumbani kwenu yupo aliye ng'ambo? Ni nani anayehesabu siku, na wewe unamsaidiaje anayesubiri?
3. Je, unamshinikiza mtu aende majuu kwa sababu ya mahitaji yako?
4. Mtafute mwalimu mmoja aliyekufundisha. Mpigie wiki hii umshukuru, akiwa hapa au ng'ambo.

Tuombe

Ee Mungu, uliyemlinda Tobia kwenda na kurudi, waangalie walimu wetu wanaofikiria safari. Wape ushauri wa kweli na mioyo huru. Wanaokwenda, uwafikishe salama na uwakumbushe nyumbani. Wanaobaki, uwatie nguvu mbele ya madarasa yaliyojaa. Na wale wanaoitazama njia kila jioni, uwafariji. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Yohane Mbatizaji de La Salle, msimamizi wa walimu, utuombee. Malaika Mkuu Rafaeli, utuombee.