Fender, Fender, Fender: Ukweli au Ushabiki?

"Mimi ni binti, napiga besi kwenye kwaya yetu. Gitaa ninalotumia ni mali ya kanisa, na sasa nimedunduliza vijisenti nataka kununua langu. Kila mpiga besi ninayemwomba ushauri ananitajia Fender. Nikiuliza kwa nini, wanacheka tu. Dada, kuna ukweli hapo, au ni ushabiki?"

Mdogo wangu, hongera kwa kudunduliza, na hongera zaidi kwa kuuliza kabla ya kulipa. Ukweli upo na ushabiki upo pia. Wengi wanaokuambia "Fender" wana sababu nzuri, ila hawajawahi kukaa wakaitamka. Ngoja niwatamkie.

Leo Fender alikuwa fundi redio wa mji wa Fullerton, California. Gitaa lenyewe hakujua kulipiga. Enzi hizo mpiga besi alibeba lile besi la mbao la kusimama, refu kumzidi yeye, na akipangwa karibu na matarumbeta na ngoma, sauti yake ilimezwa. Mwaka 1951 Fender akatoa Precision Bass: ubao mzima usio na uwazi ndani, pikapu ya umeme, na freti shingoni ili noti itoke sawasawa kidole kinapokandamiza. Urefu wa uzi unaopigwa akauweka inchi 34, yaani sentimita 86 hivi. Kipimo hicho ndicho viwanda vingi vya besi vinachofuata hadi leo.

Hapo pana sababu ya kwanza: mkono. Ukishazoea umbali kati ya freti na freti, vidole vinatembea bila kutazamwa, na macho yako yanabaki kwa mwalimu wa kwaya. Umbo la Precision lilifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1957, pikapu ikagawanywa vipande viwili ili kuua ule mngurumo wa umeme, na tangu hapo halijabadilika sana. Mtu aliyejifunzia la miaka ya sitini anaweza kupokea jipya leo, akapanda jukwaani bila mazoezi ya kulizoea. Mwanamuziki anayekula kwa kupiga hawezi kudharau jambo hilo.

Sababu ya pili ni sikio. Chukua James Jamerson, mpiga besi wa studio za Motown kule Detroit. Alianzia kwenye besi la kusimama, hatimaye akashika Precision ya mwaka 1962. Aliivisha nyuzi nene laini za La Bella na hakupenda kuzibadilisha. Mkono wa kulia alitumia kidole kimoja tu, cha shahada. Besi unayoisikia kwenye "My Girl" ya The Temptations na kwenye "What's Going On" ya Marvin Gaye ni kazi yake. Rekodi kama hizo zilizunguka dunia nzima, zikawafundisha wasikilizaji besi inavyotakiwa kusikika. Ndiyo maana fundi mitambo akichomeka Precision hahangaiki sana. Sauti yake inakaa chini ya waimbaji, haiwapigi vikumbo, na bado kila noti inasikika.

Na usidhani ni habari za wanaume peke yao. Carol Kaye alikuwa mpiga gitaa wa studio za Los Angeles. Siku moja mwaka 1963 mpiga besi hakutokea, akaombwa ashike yeye. Hakuiacha tena, na Precision yake imo kwenye maelfu ya rekodi. Akitokea kaka wa kukuambia besi si ya mabinti, mpe jina hilo akalitafute.

Sababu ya tatu ni matengenezo, na hii ndiyo naipenda kuliko zote. Fender alifikiri kama fundi. Shingo hakuigundisha kwa gundi. Aliifunga kwa skrubu nne, ikiharibika unaitoa na kuvalisha nyingine, kama mpini wa jembe. Precision ina kitufe kimoja cha sauti na kimoja cha kuchuja ukali, basi. Fundi yeyote mwenye bisibisi na kifaa cha kulehemu nyaya anaweza kuifungua akaielewa. Vipuri vyake vinatengenezwa na kampuni nyingi, kwa hiyo chombo hakifi kwa kukosa pikapu.

Sasa tuje kwenye ushabiki. Mwezi Januari 1965 Leo Fender aliiuza kampuni yake kwa shirika la utangazaji la CBS kwa dola milioni 13. Wapiga magitaa wengi wanalalamika kwamba baadaye, hasa miaka ya sabini, kiwango kilishuka, hadi wafanyakazi wenyewe walipoinunua kampuni mwaka 1985. Wale waaminifu hawakununua kila kilichobandikwa jina. Waliendelea na magitaa yao ya zamani, na ndiyo maana yaliyotengenezwa kabla ya 1965 yanauzwa ghali mno. Naye Leo hakukaa akiabudu kazi yake ya mwanzo. Aliingia kampuni ya Music Man, ikatoa besi ya StingRay mwaka 1976, kisha akaanzisha kampuni ya G&L. Mwenye jina alikuwa bado anatafuta besi bora zaidi. Wewe utawekaje nadhiri kwa kibandiko?

Mtazame na Paul McCartney, mpiga besi wa The Beatles. Mwaka 1961, akiwa kijana asiye na fedha kule Hamburg, Fender ilimshinda bei. Akanunua Höfner ya Kijerumani kwa pauni 30 hivi, nyepesi, yenye umbo la fidla linalofanana pande zote mbili, jambo lililomfaa kwa kuwa anatumia mkono wa kushoto. Akapiga nayo The Beatles ikiinuka hadi kileleni. Besi hiyo iliibwa mwaka 1972, ikatafutwa, na ikarudi mikononi mwake baada ya zaidi ya nusu karne. Uaminifu wake kwa besi hiyo haukuletwa na jina kubwa. Uliletwa na kazi waliyofanya pamoja.

Basi, mdogo wangu, ukifika dukani fanya hivi.

Pima mkono wako kwanza. Jazz Bass, ya Fender pia, iliyotoka mwaka 1960, ina shingo nyembamba kule juu, milimita 38 hivi, wakati Precision nyingi za zamani zilikuwa na 44. Vidole vikiwa vifupi, ijaribu hiyo. Zikikushinda zote, kuna Mustang Bass, iliyoanza mwaka 1966, ambayo nyuzi zake ni fupi, inchi 30. Usimwachie mtu mwingine akuchagulie shingo. Anayeumwa kiganja baada ya ibada ni wewe.

Usione haya kununua Squier. Ni chapa ya Fender yenyewe, ya bei nafuu, tangu mwaka 1982, na umbo ni lile lile. Squier iliyorekebishwa na fundi mzuri ni bora kuliko Fender iliyopinda shingo.

Jihadhari na bandia. Jina kichwani ni kibandiko, na kibandiko kinachapwa popote. Omba namba ya chombo uihakiki. Funga jicho moja utazame shingo kwa urefu, iwe imenyooka. Bonyeza kila freti, uzi kwa uzi, usikie kama kuna inayokwaruza. Chomeka kwenye amplifaya, acha kugusa nyuzi, usikilize: Precision inatakiwa kutulia. Jazz Bass itanguruma kidogo ukipunguza pikapu moja. Ukizifungua zote mbili sawa, inanyamaza. Muuzaji akikataa usiijaribu, ondoka.

Usimalize akiba yote kwenye gitaa. Bakiza ya nyuzi, waya mzuri, mfuko wa kubebea na fundi. Joto na unyevu vinacheza na mbao, na ndani ya shingo mna chuma cha kunyooshea. Mwachie fundi akiguse, wewe futa jasho kwenye nyuzi kila ukimaliza.

Na ukishanunua, tulia nayo. Wanaobadilisha gitaa kila mwaka wakitafuta sauti nzuri hukuta vidole vilevile kwenye gitaa jipya. Jamerson alikuwa na Precision yake, nyuzi kuukuu na kidole kimoja.

Kwa hiyo waambie kaka zako wa bendi kwamba Fender imestahili heshima yake, kwa mkono, kwa sikio na kwa matengenezo. Gitaa lolote litakalokupa hayo matatu kwa fedha uliyonayo, lichukue bila kuomba radhi. Lisilokupa, liache dukani hata kama jina lake linang'aa.