Miche ya Kanisani na Tarehe 1 Septemba

Mwaka 2015 Baba Mtakatifu Papa Fransisko alitoa waraka wake Laudato si', juu ya kuitunza dunia iliyo nyumba yetu sote. Mwaka huo huo akaiweka tarehe 1 Septemba iwe siku ya kuombea viumbe. Tangu hapo tumeona parokia zikiiadhimisha siku hiyo kwa kupanda miti. Nia ni njema kabisa. Lakini wasomaji wetu wa Tabora, Singida na Dodoma wajua hali ya nchi mwezi wa Septemba: ni kiangazi kitupu, na mvua hazitazamiwi kabla ya Novemba.

Kosa hilo sisi wenyewe tumelitenda. Katika parokia moja tuliyotumwa zamani, tulibariki miche arobaini baada ya Misa, tukaimba, tukapiga picha. Kufika Krismasi ilikuwa imebaki miwili, nayo ni ile iliyokuwa karibu na mahali ambapo mpishi wa mapadre humwaga maji ya kuoshea vyombo. Watoto waliochimba mashimo waliitazama ile mikavu kila Jumapili. Mwaka uliofuata tulipowaita tena, walikuja wachache, wala hatukuwa na neno la kuwalaumu.

Kitabu cha Mwanzo chasema kwamba mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Sisi tulilima asubuhi moja, tukaisahau kazi ya pili.

Basi siku hiyo Jumuiya Ndogo Ndogo zisali, kisha zichimbe mashimo, zitie samadi na kukagua kitalu. Kupanda kungoje mpaka mvua zishike, Desemba au Januari. Kila mche uvuliwe kiriba chake kabla ya kufukiwa. Yaonekana jambo dogo, lakini tuling'oa miche iliyokufa tukakuta mizizi imejizungusha ndani ya nailoni kama kamba. Tena mikaratusi isipandwe kando ya chemchemi, kwa maana hunywa maji mengi. Mwembe na mwarobaini hutoa kivuli kizuri uani mwa kanisa.

Shida kubwa ni kiangazi cha kwanza, nayo dawa yake i juu ya vichwa vyetu tukiwa kanisani. Milimita moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kanisa la kigango lenye urefu wa meta 20 na upana wa meta 10 lina eneo la meta za mraba 200. Mvua ya milimita 50 yaliletea paa hilo lita 10,000, ingawa nyingine hupotea njiani. Tangi la kiasi hicho likijazwa mwisho wa masika, miche 40 yaweza kupewa lita 5 kila mmoja, mara mbili kwa juma, kwa majuma 25. Bati tunalo tayari. Kinachotakiwa ni mifereji na tangi. Tangi si rahisi kwa bei, twakiri, lakini hata pipa chache ni mwanzo.

Nani atamwagilia? Miche ikiitwa ya parokia, haina mwenyewe. Jumuiya zikiwa nane, kila moja ipewe mitano yake, ijulikane kwa jina la jumuiya, nayo izungushiwe miiba. Zamu ya maji isiwaangukie akina mama wa WAWATA peke yao, ambao wamekwisha kubeba ndoo nyumbani tangu alfajiri. Wanaume na vijana wanayo mabega. Na paroko naye afunge mbuzi wake.

Ifikapo tena tarehe 1 Septemba, wazee wa kanisa waihesabu miche iliyo hai, jumuiya kwa jumuiya, na katekista aisome hesabu hiyo pamoja na matangazo ya Jumapili inayofuata, hata kama jumuiya imebakiwa na mmoja tu.